Chupa ya Uji Ambayo Hukuikuta Mzigoni

Mwanangu Hidaya, mama Shabani,

Karatasi hizi zikiwa na unga usishangae. Nimezizika mwenyewe ndani ya kopo la unga wa mtoto, nikijua ndipo mkono wako utakapoingia kwanza ukifika Kisaki. Ningeziweka kwenye begi la nguo ungeziona njiani, na barabara ile ya Mvuha inarusha, mtu hasomi jambo zito huku anarushwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia. Ya kweli ni kwamba njiani ungeweza kushuka na kurudi Mafiga kuniuliza, na mimi jibu la ana kwa ana sina.

Utasema, Mjomba, si ungepiga simu? Simu yako wewe unaiweka spika hata ukiongea na nesi. Haya si maneno ya spika.

Sasa hivi ni baada ya alasiri. Umekwenda Kihonda kumuaga shoga yako, umeniachia mtoto. Amelala kwenye mkeka hapa ubavuni mwangu, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kuchangia hoja. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la tano, na siku zote nimekwambia kwamba mwalimu alimfuata babu yako akamwomba anitoe shule kwa sababu nilikuwa namkosoa mbele ya wanafunzi. Haikuwa hivyo. Nilishindwa kugawanya, nikaanza kujificha kwenye migomba mpaka wakanichoka. Umeona? Leo nataka nikishasema jambo nirudi nyuma nilitazame kama linasimama kwa miguu yake.

Mambo ya nepi na kuogesha sitakuandikia, unayajua kuliko mimi. Nitakuandikia uji tu. Ukiona nazunguka, vumilia. Nimezunguka miaka ishirini na minne, siwezi kufika kwa mstari mmoja.

Unga huo ni wangu na najivunia, na kwa hili nina haki. Mahindi niliyachagua punje kwa punje, yenye doa niliwapa kuku. Ulezi niliuosha maji matatu nikauanika kwenye mkeka siku mbili, nikakaa hapo hapo na fimbo kama askari. Mashineni nilisubiri kwanza wasage mahindi yangu ya kawaida, ili vumbi la muhogo wa watu litoke kwenye mawe, ndipo nikamimina ya mtoto. Yule kijana wa mashine akasema, "Mzee, unasaga unga au unasaga dhahabu?" Nikamwambia dhahabu hailiwi. Karanga sikuzichanganya. Ziko kwenye kimfuko chake, nzima, nimezikaanga kidogo tu. Ukizisaga na unga zikakaa, unga unachacha na kuota ukungu upesi. Utatwanga za siku hiyo, kijiko kimoja, basi.

Haya yote nimekuwa nikisema niliyavumbua mwenyewe. Watu wa mtaa mzima wananiita fundi wa lishe, na wewe umewaambia wenzako kliniki kwamba mjomba wako ana akili ya uji. Mwanangu, hakuna hata moja nililolivumbua. Yote nilifundishwa na mtu mmoja, na mtu huyo yuko Kisaki, na jana nilikusikia ukisema maneno juu yake.

Ulikuwa uani, simu iko spika kama kawaida, mimi niko mlangoni nashona mkanda wa begi lako. Mumeo akakwambia, "Kuna mama mmoja hapa karibu na stesheni, anaitwa Bi Tatu. Kina mama wa huku wakienda shamba wanamwachia watoto, anawapikia uji. Ni Mluguru. Nilipomtajia kwenu akauliza jina lako, akasema, 'Mlete huyo mtoto nimwone.'"

Ukamjibu, "Idrisa, huyo mwanamke asimguse mwanangu. Huyo ndiye alitaka kuniua."

"Eti nini?"

"Alikuwa mke wa mjomba. Alinilisha uji uliooza kwa jicho lake baya. Mjomba ndiye aliyeniokoa. Akija mlangoni kwangu namwagia maji."

Sindano ilinichoma kidole nikaona damu, sikusikia maumivu. Nikasubiri ujisahihishe, kama vile ungejua. Ukageuka ukaniona, ukasema, "Mjomba, au nasema uongo?" Nikatikisa kichwa. Wewe ukakielewa vile ulivyotaka. Mimi nilijua kwamba hapo mlango umefungwa na komeo liko upande wa nje.

Kisaki pale humjui mtu. Mumeo anashinda relini. Mtoto ana miezi saba, ndiyo kwanza ameanza kula. Umekwenda mahali ambapo mtu mmoja tu ndiye anayejua kukulishia mtoto vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona, na nimekulea umuogope. Basi soma.

Habari ya chui unaijua, nimeisimulia kwenye harusi yako mbele ya wakwe. Masika, mvua ya kuangusha migomba, wewe una miezi saba unaharisha hadi macho yamezama. Mimi nakufunga mgongoni, nashuka kutoka kule juu upande wa mlima Bondwa, mto umefurika, nauvuka kwa kushika mizizi kwa meno. Chui anatoka kwenye magimbi ananikamata mguu, namwambia, "Nina mtoto wa dada yangu, rudi kesho," naye ananiachia. Kila mwaka chui anakua. Mwaka juzi alikuwa na mke. Watu wanacheka, wananiambia nipandishe suruali niwaonyeshe kovu, napandisha. Wewe ulikuwa unaligusa hilo kovu ukiwa mdogo kabla ya kulala. Na mtoto alipozaliwa ukasema, "Ataitwa Shabani, jina la aliyenibeba."

Sikukubeba, Hidaya.

Mama yako, mdogo wangu, alipofariki ulikuwa una miezi mitano. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo uliletwa kwangu, na kuletwa kwangu maana yake uliletwa kwa Tatu. Sisi tulikuwa hatujapata mtoto. Tatu alikupokea hivi, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea maji yasimwagike. Maziwa, alikuwa anatembea kuyafuata kwa mwenye ng'ombe. Ulipofika miezi sita akaanza uji. Anapima kikombe kimoja cha maji, anapika, anapoza kwa kuhamisha bakuli hadi bakuli, anakulisha, kinachobaki anakunywa yeye au anakimwaga. Mara nne kwa siku anawasha moto. Mimi nikimwambia, "Wewe mwanamke unamaliza kuni za mlima mzima kwa tumbo lisilozidi ngumi." Ananijibu, "Shabani, tumbo la ngumi halina pa kuficha kosa."

Siku za soko alikuwa anashuka mjini na ndizi kichwani, anaondoka alfajiri, anarudi jua likizama. Siku hizo mlishaji nikawa mimi. Alinielekeza kama anavyoelekezwa mtoto wa kutumwa dukani, nami sikupenda kuelekezwa. Na kuwasha moto mara nne kulikuwa kunanikatia bao. Tulikuwa tunacheza kwenye kibaraza cha duka, na mimi nilikuwa bingwa, hilo ni kweli, muulize yeyote. Sawa, nilikuwa wa tatu.

Ndipo nikafanya akili yangu. Nyumbani kulikuwa na chupa ya chai, ile yenye maua mekundu, zawadi ya harusi yetu. Nikapika sufuria nzima asubuhi, nikatia na maziwa, nikamimina kwenye chupa, nikakubeba wewe mkono huu na chupa mkono huu, tukaenda kwenye bao. Ukilia nafungua, namimina, unakunywa, uji una uvuguvugu mpaka jioni.

Wenzangu wakaanza: "Jamani, Shabani siku hizi ananyonyesha."

Nikawaambia, "Nanyonyesha kwa mtambo. Nyinyi mna wake, mimi nina sayansi."

"Na mkeo akijua?"

"Mke wangu atakuja kujifunza kwangu."

Wakacheka, wakanisifu. Hidaya, sifa ni tamu kuliko sukari guru. Nilifanya hivyo siku za soko nne au tano, hukudhurika, nikazidi kuamini kwamba Tatu anahangaika bure. Sikujua kwamba uji ukikaa na uvuguvugu ule siku nzima unakuwa shamba, na kinachoota humo hakina rangi wala hakipigi hodi. Na lile koo la chupa ni jembamba, mkono hauingii. Nilikuwa nasuuza kwa maji nikaridhika.

Soko la sita lilikuta masika yamepamba moto. Jioni ya kabla yake Tatu alikuwa shambani anakata ndizi za soko, nikapika uji mimi ukabaki, nikauacha kwenye chupa. Asubuhi Tatu alipoondoka nikaona nisitupe mali, nikaongeza mwingine wa moto juu yake. Ukanywa asubuhi, ukanywa mchana. Saa nane ukaanza kutapika nikiwa katikati ya mchezo, na mchezo huo nilikuwa nashinda, ndiyo maana nikasema ni meno. Saa kumi ulikuwa huwezi hata kulia. Nikakurudisha nyumbani nikakulaza, mvua ikashuka, nikakaa mlangoni kumsubiri Tatu, nikiomba aje na nikiomba asije.

Alipoingia hakutua hata kapu. Alikushika utosi.

"Umempa nini?"

"Uji."

"Wa saa ngapi?"

"Wa sasa hivi."

Akanitazama, akaiona chupa mezani. Akafungua kifuniko, akanusa. Akaingia chumbani kutafuta kanga kavu za kukufungia. Mimi kichwani nina jambo moja tu: watakuja wazee, watauliza, na chupa ipo. Nikaichukua nikatoka nayo nyuma ya nyumba nikaipiga kwenye jiwe. Ile chupa ndani ni kioo. Ilipasuka kwa mlio kama bunduki na kipande kikanichana hapa, kwenye muundi. Hilo ndilo kovu ulilokuwa ukiligusa.

Tatu alitoka umeshafungwa mgongoni mwake, mfuko wa nailoni kichwani. Akaona vioo, akaona damu. Akasema, "Funga mguu wako, Shabani. Sisi tunakwenda." Giza lilikuwa linaingia. Akashuka peke yake kwenye utelezi ule, mwanamke aliyekwisha kushuka na kupanda siku hiyo hiyo. Sikumfuata. Mguu ulikuwa unauma, lakini wangenikatia fimbo ningechechemea. Niliogopa kufika hospitali na kuulizwa.

Huko nyuma yao mlima ukaporomoka, njia ikafunikwa. Nikabaki ndani siku tatu. Mvua haikati, kuni zimelowa, mguu umevimba, kanga yako ndogo iko kwenye kamba juu ya kichwa changu. Kila nikifumba macho nakuona umekufa, nikifumbua naona vioo pale nje vinang'aa kwenye matope, kwa sababu hata kuvizoa nilishindwa. Nyumba ya vyumba viwili ile, nimewahi kukaa mahali pafinyu zaidi? Nimekaa, baada ya hapo. Nimo humo mpaka leo.

Siku ya nne njia ikafunguliwa nikashuka. Nikakukuta hospitali uko hai, maji yameingia, umekamata kidole cha Tatu. Na wazee wa ukoo wanaokaa huku mjini wamekwisha kufika. Mjomba wetu mkubwa, ambaye neno lake lilikuwa halina wa kulijibu, akaniuliza mbele ya wote, "Nesi anasema mtoto amelishwa chakula kilichoharibika. Nani alimlisha?"

Ukoo ulikukabidhi kwangu, unaelewa? Mjomba akikiri ameharibu mtoto wa dada yake, tena marehemu, nani atampa neno tena? Nilitafuta pa kutokea sikuona ila mahali pamoja. Nikasema, "Mimi si mpishi. Mpishi ni mama wa nyumbani."

Tatu alinitazama mguu. Hakunitazama uso, alinitazama bandeji. Nikangoja aseme. Angesema, "Muulizeni kilichomchana," ingetosha. Shangazi mmoja akadakia, "Mgumba huyo, ana jicho, anamwonea kijicho mtoto wa marehemu." Wakaanza kunguruma wote. Tatu akasimama, akakuweka mikononi mwa bibi yako, akafunga kanga yake vizuri. Akasema, "Semeni mnavyotaka. Ila huyu mtoto apewe uji wa moto, kidogo kidogo, kila mara upya." Akatoka.

Talaka niliandika wiki hiyo hiyo, nimezungukwa na wazee, kalamu wamenishikisha. Hapana. Ngoja niirudie. Kalamu niliishika mwenyewe.

Na chui akaja baadaye. Mtu aliniuliza kwenye bao mguu umefanyaje, nikasema chui, wakacheka, mmoja akaamini. Akauliza, "Ulikuwa unakwenda wapi usiku huo?" Nikasema nilikuwa nambeba mtoto. Basi. Uongo ule niliujenga kama nyumba, kila mwaka chumba, nikasahau kuweka mlango. Wewe ukakua humo ndani ukiniita shujaa. Kila nilipotaka kusema, ulikuwa unafurahi. Ulipoolewa nikasema nitasema, wakwe wakaomba habari ya chui. Mtoto alipozaliwa nikasema sasa, ukampa jina langu.

Hata hivyo nilikulisha, hilo naomba unihesabie. Baada ya Tatu kuondoka nilikupikia mimi, bibi yako macho yake yalikuwa hayavumilii moshi. Kikombe kimoja cha maji, mara nne kwa siku, kila mara upya, na bao nikaacha. Watu walidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, na ilikuwa pia kifungo, nami sikutaka kifupishwe.

Sasa jambo la leo. Asubuhi ulipanga mzigo ukaniambia, "Mjomba, kesho nitaamka saa tisa nipike uji, niujaze kwenye chupa, utamtosha mtoto mpaka Kisaki na usiku ukibaki." Ukainua chupa mpya ukanionyesha. Umechagua yenye maua mekundu.

Nilitakiwa niseme pale pale. Nilifungua mdomo, ukacheka, ukasema, "Usinisimulie chui sasa hivi, nitachelewa Kihonda."

Chupa nimeitoa. Iko hapa mezani mbele yangu, na mzigo wako nimeufunga tena vile vile kama ulivyoufunga. Mahali pake nimeweka sufuria ndogo yenye mfuniko, ya kikombe kimoja, haipiki zaidi hata ukiilazimisha. Kwa njiani umnyonyeshe, na nimekuwekea ndizi mbivu sita na parachichi mbili. Ndizi Mungu ameifunga mwenyewe, unaimenya pale mtoto anapotaka, unaiponda kwa kijiko safi, nusu inayobaki unakula wewe.

Kama umefika na Bi Tatu alikuja kukupokea na umemmwagia maji, funga mtoto mgongoni umfuate. Hujakosea wewe. Kama hajaja, mwambie mumeo akuonyeshe nyumba. Usianze na habari zangu. Mwambie, "Shikamoo mama, mimi ndiye yule wa mgongoni," halafu mpe mtoto amshike. Asipotaka kukupokea, rudi kesho yake, ana haki. Karatasi hizi mwonyeshe au msomee, au waachie mumeo na wakwe wasome, nimeziandika nikijua zitasomwa. Na jina la mtoto, mkikaa wewe na yeye mkaona libadilishwe, mlibadilishe. Mimi nitamwita kwa jina mtakalonitumia.

Mtoto anaamka hapa, anageuka geuka, na kule barabarani nasikia kama ni sauti yako unasalimiana na watu. Nakunja.

Kesho alfajiri utahangaika jikoni, utaniuliza, "Mjomba, chupa ya uji umeiona?" Nitakwambia sijaiona. Utasema gari litakuacha, nitakubebea begi hadi stendi, nitakupandisha, nitapunga mkono. Uongo huo wa chupa nisamehe, ndio wa mwisho, na umelipata jibu lake kabla hujakaa nao siku moja.

Washa moto, mwanangu. Kikombe kimoja.

Mjomba wako,
Shabani